Roho ya Kwanza ni ya Mwenye Nyumba

Kuze, Mombasa
19 Julai 1998

Kwa kaka yangu Karisa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mpwa wako mdogo Joy, ambaye ameota jino la pili na sasa anang'ata kila kitu, hata waya wa padi. Mama huko Kaloleni hajambo, ni magoti tu yanamsumbua. Kanisani bado wanamwita Mama Dubai, naye anaitika. Jefwa yuko Voi kazini, anakusalimu sana. Sisi wazima, tunaomba na wewe uwe mzima katika joto hilo la Uarabuni.

Kaka, mashine ya gemu imefika. Muhdhar aliileta Jumanne mwenyewe aliporudi kutoka huko Dubai, ameikumbatia kama mtoto. Ahsante sana. Nilitaka niandike ahsante tu nifunge bahasha, lakini kuna jambo limenikaa kooni na wewe ndiye wa kuambiwa.

Kasha lilikuwa limefunguliwa. Ile gundi ya karatasi ilibanduliwa ikabandikwa tena, na aliyebandika hakuwa na haraka. Padi moja, ile ya kushika mkononi, ni mpya kabisa. Ya pili, kile kitufe cha kurukia kimelainika, kina alama ya kidole gumba. Kitu cha dukani hakina alama ya kidole gumba. Nikamwuliza Muhdhar, akaniambia, "Forodha, mwanangu. Forodha wafungua kila kitu."

Nikamwambia, "Na forodha wakifungua huwa wanacheza?"

Akacheka, akaniuliza kama mahamri yangu ya kesho yatakuwa na iliki. Nikaona anageuza maneno.

Halafu hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba nikiiwasha picha haina rangi. Ni kijivu na nyeupe, na inapanda juu, inapanda juu, kama inafukuzwa. Nikachomoa nikaweka ile yetu ya zamani ya kaseti za gemu, televisheni ileile, waya uleule: rangi zote zipo. Sasa Karisa niambie, wewe uliyeshika mashine tangu tuko wadogo. Uliituma nzima? Au mtu ameibadilisha njiani akaniwekea mbovu? Muhdhar tunaishi naye mtaa mmoja, simtaki ubaya. Lakini sitaki pia kufanywa mjinga kwa sababu nimeishia darasa la saba.

Sasa sikiliza kwa nini ninahangaika hivi. Bi Nana mwenye nyumba amekuja na jambo. Unajua Alhamisi alasiri wanawake huja kwangu na watoto wao, na ile mashine ya kaseti tunaicheza, mlango tumefunga na pazia tumeshusha, mabuibui yametundikwa msumarini. Walianza wawili, sasa hawaenei. Bi Nana akaja siku moja kutuchungulia, nikajua leo tunafukuzwa. Akauliza, "Hamna picha za utupu humo?" Nikamwambia hakuna, ni magari. Akaketi, akapewa padi. Kaka, Bi Nana aliendesha lile gari kama anapita mlangoni kwa msikiti! Kila gari likija anasimama. "Pisheni! Pisheni waja wa Mungu!" Tulicheka mpaka Joy akaamka.

Alipoondoka akaniambia zamani senema zilikuwa na siku ya wanawake, wao na mabuibui yao ukumbi mzima, na hakuna mwanamume aliyekanyaga. Akasema kile chumba chake cha chini, cha upande wa uchochoroni, kiko tupu. Anaweza kunipa nifanye mahali pa wanawake kuchezea. Lakini ana sharti. Alisema, "Simpi mtu chumba changu kwa maneno matupu, mwanangu. Weye ni mtu wa bara ya Kaloleni, simjui aliyekuleta mjini. Naaje nduguyo mwanamume nimuone kwa mato yangu, aseme nami. Kisha chumba chako." Anataka jibu kabla ya Ramadhani, maana yuko mtu mwingine anakitaka aweke magodoro.

Kwa hiyo ni wewe. Hata kama ni kwa siku mbili. Muulize tajiri wako ruhusa.

Wanawake wananicheka hapa, wanasema kila nikianza gemu naweka padi chini, namwacha mtu wangu wa kwanza aanguke shimoni bila kumsaidia. Wananiuliza ni dawa gani hiyo. Siwaambii. Watajuaje ile nyumba ya Tudor, Mama akiwafulia watu nguo na yule kijana wa wenyewe akituambia, "Chezeni, lakini roho ya kwanza ni ya mwenye nyumba"? Tumekua, hakuna wa kutulazimisha, na mkono bado unajishusha wenyewe. Huko Dubai na wewe unafanya hivyo?

Barua hii nampa Muhdhar awape wenzake wanaosafiri. Sina njia nyingine ya haraka.

Mimi mdogo wako,
Dama


Deira, Dubai
30 Agosti 1998

Kwa Dama mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na Jefwa nimsalimie mbele yako kwa kuwa ni shemeji, na Joy mpe busu kwenye hilo jino. Mama mwambie magoti yake nayaombea. Mimi mzima, kazi ipo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilizunguka.

Mashine haijabadilishwa na mtu. Tuliza moyo. Hiyo imetengenezwa iuzwe Japani, na televisheni yako inasoma picha za mtindo wa Ulaya, basi haziongei lugha moja. Tafuta televisheni mpya yenye kitufe cha kubadilisha mfumo, ubonyeze mpaka rangi zije. Mwenye duka hakukosea wala Muhdhar hakukosea. Muhdhar ni mtu mwaminifu, usimshike shati. Nasema hivi kwa sababu najua ukishamshuku mtu hata chai yake huinywi.

Acha nikupe habari za huku, kwa kuwa ni wewe utakayeelewa. Biashara ya gemu imegeuka, Dama. Tulipoanza, kaseti ilikuwa kitu kizito mkononi. Aliyeitengeneza alijua atakuuzia moja tu kwa mwaka, basi akaifanya ngumu ikushinde mwaka mzima. Leo ni CD. CD ni kitu cha kuchapisha kama gazeti, na kama gazeti ni nyingi na nyingine hazina habari ndani. Kampuni iliyokuwa ikiuza redio na televisheni ndiyo imeingia sokoni, na kati ya wale wa zamani mmoja bado ameng'ang'ania kaseti peke yake, watu wanamcheka. Mimi simcheki. Lakini dukani kaseti zimepangwa pembeni chini ya meza na hakuna anayeinama.

Jambo linalonichukiza zaidi ni memori kadi. Zamani kaseti nzuri ilikumbuka yenyewe ulipofikia. Sasa wanakuuzia mashine isiyo na kumbukumbu, halafu wanakuuzia kumbukumbu mbali, kwenye kasha lake. Mtu anayefanya hivyo kesho atakuuzia na vitufe mbali. Siku moja utalipia kuwasha.

Na gemu zenyewe zimekuwa sinema. Unakaa na padi mkononi, unatazama watu wanaongea. Watoto wa siku hizi wanasema ni nzuri sana. Labda. Mimi nilifundishwa na shimo: ukianguka umejifunza. Hata hivyo sikatai, ile ya magari ya CD, barabara inavyopinda, nilipoiona mara ya kwanza nilisimama.

Ukimaliza kucheza zima taratibu, usichomoe. Hata huku stima ikikatika ghafla tunaogopa, CD inaweza kukwaruzwa.

Habari ya Bi Nana nimeisoma. Ni jambo kubwa. Lakini ruhusa ni ngumu msimu huu, na safari si ya leo na kesho. Kwani Jefwa hawezi kwenda kuongea naye? Ni mume wako, ana haki zaidi yangu. Atoke Voi siku moja.

Na ulipouliza kama bado naweka padi chini: nani ana wakati wa kucheza huku.

Ndugu yako,
Karisa


Kuze, Mombasa
6 Septemba 1998

Kwa kaka Karisa,

Salamu za moto moto. Joy sasa anasimama akishika ukuta, akianguka anatutazama kwanza aone kama tumeona, tukijifanya hatukuona halii. Mama anasema nimwandikie kuwa amekuota umevaa kanzu. Jefwa yuko Voi bado, kazi zimebana.

Rangi zimekuja! Televisheni ya Bi Nana, aliyoletewa na binti yake kutoka Jeddah, ina kile kitufe. Tumeibeba wanawake wanne kuteremka ngazi, Bi Nana anapiga kelele nyuma kama tumebeba jeneza lake. Tukabonyeza, tukabonyeza, na rangi zikaja kama ulivyosema. Basi nimwombe Muhdhar radhi kwa hilo moja. Kwa mengine bado.

Kwanza nikupe maoni yangu, maana na mimi ni mchezaji, si wewe peke yako. Kaseti ukiichomeka inakujibu papo hapo, kama mtu mkweli. Hii ya CD nikiiwasha inazunguka kwanza, inanguruma, inanionyesha jina la mwenyewe, halafu jina la mwingine, halafu inaniambia ningoje. Inangoja nini? Mtu ukimwuliza swali akakaa kimya kabla ya kukujibu, ujue anatafuta cha kukuambia. Na ikishaanza ni tamu, siwezi kusema si tamu. Ile barabara inavyopinda nami nilipinda nayo. Lakini siiamini. Nacheza nayo kama unavyokula kwa mtu usiyemjua.

Wenzangu wanaipenda kuliko kaseti. Yuko Nanjala, msichana wa Bungoma, anaandika barua katika ofisi moja huko karibu na bandari, ndiye anayetufungulia maelezo ya Kiingereza. Anasema kaseti ni za kizee. Nikamwambia mimi nina miaka ishirini na minne, basi mimi ni kizee mwenzao.

Sasa yale mengine. Umeandika kwamba hata huko stima hukatika. Nikamsomea Bi Nana, akaacha kutafuna tambuu. Ana binti na wajukuu huko Uarabuni, anasema huko taa haziwahi kuzimika, hata mchana zinawaka. Nikamwuliza Muhdhar kama Dubai stima hukatika. Akasema, "Dubai? Abadan!" Kisha akanitazama, akasema, "Mara mojamoja." Kisha akasema, "Nakumbuka mara moja." Mtu mmoja, majibu matatu, kwa swali la stima.

Na Muhdhar huyo sijamkosa dukani kwake tangu alete mashine, hata Ijumaa moja. Nikamwuliza barua yako imekuja na nani, akasema ni mwenzake anayesafiri. Mwenzake gani? Akasema humjui. Mtaa huu wote mimi nauza mahamri mlango kwa mlango, ni nani nisiyemjua anayesafiri?

Nilidhani kwanza anazifungua barua zetu. Nimeangalia bahasha kwa mwanga, sijui. Kama anazifungua hii nayo ataisoma, basi namsalimu.

Kaka, nakuuliza bila kuzunguka. Uko salama? Tajiri wako amekunyima pasipoti? Tumesikia wanaofanyiwa hivyo. Ukishindwa kuandika, andika tu jina la yule kijana wa Tudor na nitaelewa kuwa kuna taabu.

Na habari ya chumba, umesema Jefwa aende. Bi Nana hataki Jefwa. Anataka mtu wa damu yangu. Mimi nilimwambia utakuja, kwa hiyo sasa ni neno langu limewekwa pale.

Mdogo wako,
Dama


Deira, Dubai
18 Oktoba 1998

Kwa Dama,

Natumai barua hii itakukuta salama, na Joy na Mama pia. Mimi salama. Hakuna aliyeninyima pasipoti, ondoa hilo kichwani na usimtie Mama hofu.

Yule kijana wa Tudor aliitwa Jeremy, nalikumbuka jina lake na uso wake, lakini silitumii kama unavyotaka. Hakuna taabu ya namna hiyo.

Duka linabadilika. Mwenyewe ameamua kuacha kaseti kabisa. Kila aliyejua kaseti, kuzisafisha meno ya shaba, kujua ipi ni ya kweli na ipi ni ya bandia kwa uzito tu, hana cha kufanya. CD haihitaji kujuliwa. Ikikwaruzwa unatupa unachapa nyingine. Nimefanya kazi na mashine hizi tangu nina miaka kumi na sasa najiona kama fundi wa taa za kandili. Lakini kazi ipo, nyingine.

Kuhusu stima, nilimaanisha ya ndani ya duka.

Kuja haitawezekana kabla ya Ramadhani. Mwambie Bi Nana ukweli, kwamba ndugu yako yuko mbali. Asikasirike. Kama ni mtu wa haki ataelewa.

Kula vizuri, Dama. Usibebe televisheni ngazini. Na mtu asikudanganye kwamba huwezi kulea mtoto peke yako, wengi wamelea.

Karisa


Kuze, Mombasa
15 Novemba 1998

Kwa kaka yangu Karisa,

Nakusalimu na Joy anakusalimu, ametembea. Hatua zilikuwa kutoka kwenye kiti hadi kwenye televisheni, akapiga kioo kwa kiganja, akaketi. Mama hajambo. Salamu ninafupisha leo, maana nimegundua salamu ndizo zenye maneno yote.

Nimeziweka barua zako mbili juu ya mkeka, moja hapa na moja hapa. Katika hii ya mwezi wa nane umemsalimia Jefwa mbele yangu, ukataka aje kuongea na Bi Nana. Katika hii ya mwezi wa kumi Jefwa hayumo. Si salamu, si shemeji, si chochote. Unamsalimia Joy na Mama, unaniambia wengi wamelea peke yao. Nani alikuambia ninalea peke yangu? Mimi sikukuambia. Mimi nimekuandikia Voi, Voi, Voi.

Basi nikaanza kujiuliza ulimwona wapi. Mtu aliye Dubai hawezi kumwona Jefwa.

Nakwambia sasa kwa mkono wangu: Jefwa hayuko Voi. Aliondoka Pasaka. Yuko Makupa na mwanamke mwingine, na nilikuwa nikikuandikia Voi kwa sababu sikutaka uache kazi yako Uarabuni kwa ajili yangu. Naona wewe ulijua, ukanyamaza, kwa sababu ukisema umemwona Makupa itabidi useme ulikuwa Makupa unafanya nini.

Sasa nikuelezee lililotokea Alhamisi. Tulikuwa tunacheza ile ya zamani ya mashimo, na mimi nikaweka padi chini kama kawaida yangu, mtu wangu wa kwanza akaanguka. Nanjala akapiga makofi.

"Jamani, na wewe! Mko wangapi wenye wazimu huu?"

Nikamwambia, "Wangapi vipi?"

"Pale Majengo ninapopitia nikitoka kazini, kuna chumba cha gemu, kuna fundi mmoja. Vijana wanamcheka kila siku. Akishika padi anaiweka chini kwanza, mtu wake anakufa, ndipo anaanza. Na akianza hashindwi. Tunamwita Kafara."

Wanawake wakacheka. Mimi nikamchukua Joy nikamweka mapajani nipate kitu cha kushika.

"Fundi wa nini?" nikauliza.

"Wa mashine. Anaokota kaseti zilizotupwa huko jalalani Kibarani, anazisafisha kwa spiriti na mswaki, zinafufuka. Watu wameshahamia CD lakini yeye anasema kaseti haifi, huwa imechafuka tu. Mpole. Ana kovu hapa." Akajigusa nyusi.

Karisa, kovu hilo nilikutia mimi kwa mlango wa kabati.

Watu wawili tu duniani wanaacha roho ya kwanza. Mmoja alikuwa ameketi pale Kuze na mtoto mapajani.

Sikuja Majengo. Ningeweza kuja siku ileile, ni mwendo mfupi, ningekaa nje nikutazame. Nilivaa viatu nikavivua. Nikasema kama nitamfumania kaka yangu kama mwizi, itabaki hivyo kati yetu mpaka tuzeeke. Badala yake nilikwenda kwa Muhdhar. Nikamwambia, "Barua yangu ya leo sikupi. Najua njia fupi." Hakucheka. Alikoroga chai yake iliyokuwa haina sukari ya kukoroga, akasema, "Nduguyo alinilisha yamini, mwanangu. Tulirudi ndege moja. Alikuwa amepakata kile kikasha njia nzima, na usiku wa kwanza alilala kwangu akakifungua kuijaribu mashine isije ikawa mbovu, akacheza mpaka alfajiri. Forodha hawakuigusa."

Kumbe kidole gumba ni chako. Nilimshuku mtu wa watu miezi yote hii kwa alama ya kidole cha kaka yangu mwenyewe. Nimempelekea mahamri bure na bado naona haya.

Sijui ni nini kilikufanya ujifiche. Nadhani duka lilifungwa lilipoacha kaseti, na wewe ulikuwa mtu wa kaseti. Nadhani ulikumbuka Mama alivyosimama kanisani kukutangaza siku ulipokwenda Dubai, ukaona huwezi kupita mlango uleule ukiwa na begi moja. Kama ni hivyo sikulaumu. Kama ni jambo jingine utaniambia ana kwa ana. Lakini nina hasira, ujue. Niliogopa umefungiwa mahali, niliota pasipoti, na wewe ulikuwa ng'ambo ya soko unapiga mswaki kaseti.

Kwangu kuokota kaseti Kibarani ni kazi. Mimi nauza mahamri. Joy anakula kwa mahamri.

Sasa chumba. Ramadhani imekaribia, na mwenye magodoro amekuja kupima mlango kwa kamba, nimemwona kwa macho yangu. Bi Nana amenipa mpaka Alhamisi ya tarehe ishirini na sita. Anataka mtu wa damu yangu aingie mlangoni mwake aseme, huyu ni dada yangu, mimi namjua. Hakusema atoke Dubai. Ni mimi niliyesema Dubai, na ni wewe uliyenifundisha kusema. Mwambie wewe ni fundi. Mwanamke mwenye mashine mbili na asiye na fundi ana masanduku mawili tu ya plastiki, na Bi Nana hilo atalielewa haraka kuliko Dubai. Ukitaka, na zile kaseti zako zilizofufuka ulete. Chumba kina pembe mbili. Upande mmoja CD, kwa akina Nanjala. Upande wa pili kaseti, kwa vizee.

Mama sitamwambia. Hilo ni lako.

Njoo alasiri, upite mlango wa uchochoroni, upige hodi kwanza maana wanawake watakuwa wamevua mabuibui. Ukija, barua hizi tutazichoma kwenye jiko la mahamri. Usipokuja sitakuandikia tena Deira, na Majengo pia sitaandika. Nitamwambia Bi Nana sina ndugu mjini, na utakuwa ni ukweli.

Barua hii ameibeba Nanjala. Hajui wewe ni nani kwangu. Nimemwambia ni swali la ufundi.

Dada yako,
Dama


Majengo, Mombasa
22 Novemba 1998

Kwa Dama mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka Majengo. Nimeandika jina la mahali hapo juu mara ya kwanza kwa ukweli, na mkono ulikuwa mzito.

Jefwa nilimwona Makupa mwezi wa tisa, amebeba godoro na mwanamke nyuma yake. Nilisimama nyuma ya kibanda. Nilitaka kumpiga na nilitaka kukuandikia, na vyote viwili vilitaka niwe mtu aliye hapa. Mengine umeyajua bila kuambiwa, sina la kuongeza. Duka lilifungwa mwezi wa sita.

Alhamisi nakuja. Nitapiga hodi. Nina kaseti kumi na moja zinazofanya kazi, na moja ambayo inakataa lakini sijaikatia tamaa. Bi Nana asiniulize habari za Uarabuni kabla sijanywa maji. Nikishamaliza kwake nitakwenda Kaloleni Jumapili, na wewe na Joy mnisindikize mpaka mlango wa kanisa.

Padi yenye alama ya kidole usimpe mtu, ni yangu. Na msianze kabla sijafika. Mweke Bi Nana kwenye kiti cha mbele, mpe padi ya kwanza aangushe mtu wake anapotaka. Safari hii mwenye nyumba yupo mwenyewe.

Kaka yako,
Karisa